Jina Nililotoa Kliniki

Kitale, 4 Februari 2025

Kaka Wangila,

Pokea salamu kutoka Kitale, ambako asubuhi bado tunavaa sweta ingawa ni kiangazi. Ukinitazama kwa nje, mimi ni mzima. Kazi kwa Gagandeep inaendelea, mabati na misumari vinatoka vizuri tangu watu wauze mahindi yao na kutaka kujenga. Nangila anakusalimu. Watoto anaowafundisha chekechea wamemzoesha kuongea kwa sauti ya juu hata tukiwa wawili tu mezani. Goti la Mama linaendeleaje? Na shemeji Ivy? Mama aliniambia kuna mgeni njiani. Nilifurahi sana, kwa maana huyo mmemngoja miaka mingi.

Utashangaa kwa nini naandika karatasi kama mtu wa enzi za babu. Simu yangu inashinda mikononi mwa Nangila kwa sababu ya picha za gauni na kikundi cha kamati ya harusi, na yako inashinda dukani, Ivy akipokelea pesa za wateja. Basi nimempa Kiptum, yule wa pikapu ya kabichi, akukabidhi mkononi siku ya soko Chwele ukiwa kule kwenye ng'ombe wako. Soma peke yako.

Kaka, naungua nikikojoa. Ilianza kama mwasho, nikasema ni jua na kutokunywa maji. Kisha nikaona uchafu wa manjano kwenye nguo ya ndani, na sasa naogopa kwenda chooni. Nitakueleza mara moja tu, na usinirudishe hapo tena. Mwezi uliopita tulipeleka mabati Suam, lori likakwama mpakani kwa ajili ya makaratasi, tukalala huko. Sikulala peke yangu. Nimerudi kwa Nangila kama kawaida, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kuungua kwenyewe.

Mchungaji anataka vyeti vya kupimwa kabla ya kututangaza kanisani. Nilimuuliza Ian wa kazini kwa kuzungukazunguka, akaniambia nikapime Ukimwi tu, nikikuta sina basi niko sawa. Lakini kipimo hicho kinaonyesha na haya mengine? Kuna kisonono, kuna kaswende, kuna yale ya ini, na nikisoma kwenye intaneti kila ugonjwa nauona ni wangu. Wanachukua damu au mkojo? Nianze na kipi? Wewe ni mkubwa na umeona mengi, niambie. Hofu yangu ni moja, kwamba nimempa Nangila.

Mdogo wako,
Hillary


Bungoma, 13 Februari 2025

Mdogo wangu Hillary,

Barua yako ilinifikia ikinuka kabichi, lakini ilifika salama. Huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akitakiwa kwenda shambani, akiitwa kwenye mkutano wa akina mama linapona. Ivy anatapika asubuhi, mchana anatafuna odowa, yale mawe laini ya wajawazito, mpaka nasikia meno yakilia. Mimi niko na chanjo ya mifugo wiki zote hizi, na kwaya inanisubiri jioni. Ukiwa mzee wa kanisa hakuna mtu anayekuuliza kama umechoka.

Sasa wewe. Nilidhani mambo ya kitoto tuliyamaliza zamani. Nimekasirika, halafu nikacheka, halafu nikakasirika tena. Lakini wewe ni damu yangu, siwezi kukutupa.

Kliniki usiende. Ukienda wataandika, wataita jina lako mbele ya watu, na Kitale si mji mkubwa kama unavyofikiria. Nenda kwenye duka la dawa la mbali na unapokaa, uingie wakati hakuna wateja, useme unataka zile kapsuli za rangi mbili. Wao wanajua. Usieleze kitu. Umeze mpaka uone umepata nafuu, unywe maji mengi, na pombe uache kwanza. Haya mambo huisha. Kuna jamaa wa ofisini kwetu alitokwa hata na kidonda, wala hakikumuuma, kikapona chenyewe bila hata kumwona daktari. Mwili una akili yake.

Na Nangila usimwambie neno. Unamwambia ili iweje? Mimi ndiye nitakayesimama mahali pa Baba kule Tongaren siku ya kuzungumza mahari. Sitaki kukaa mbele ya wazee wao nikiangalia viatu vyangu.

Barua hizi choma.

Kaka yako,
Wangila


Kitale, 1 Machi 2025

Kaka Wangila,

Natumaini hujambo wewe, Ivy na mgeni wake. Huku mvua imetutania siku mbili ikarudi zake. Gagandeep amenipandisha, sasa nasimamia stoo, ila sina hata nguvu ya kufurahi.

Nilifanya kama ulivyosema. Zile kapsuli nilimeza, kuungua kukapungua, nikamshukuru Mungu nikakushukuru na wewe. Wiki iliyofuata kukarudi. Hapo nikajua nimenyamazisha tu, sijatibu. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kliniki, samahani kwa kukuasi.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo nilipokuingiza na wewe. Nilipofika mapokezi nikamkuta dada mmoja anayeongoza nyimbo kanisani kwa kina Nangila. Sura yangu haijui, mimi kanisa lao naenda mara chache na kukaa nyuma. Lakini jina langu analijua vizuri, liko kwenye kadi za harusi, na yeye yuko kwenye kamati. Akaniuliza, "Jina?" Nikasema Wangila Mukhisa. Akaniuliza namba ya simu. Namba ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, ile yako, tangu tulipokuwa na simu moja nyumbani na Mama akitutuma kwenda kupiga. Nikaitaja kabla sijafikiri. Nilipofikiri alikuwa ameshaandika na kumwita anayefuata.

Walichukua mkojo kwa ajili ya kisonono na mwenzake anayefanana naye, na damu kwa ajili ya kaswende, ini na Ukimwi. Yule wa maabara alinieleza kwa upole kwamba kila ugonjwa una kipimo chake, hakuna kimoja kinachoonyesha yote. Watu wengi hupima Ukimwi tu, wakikuta hawana wanaenda nyumbani na mengine yote. Baadhi ya majibu yakiwa tayari watapiga simu kuniita. Simu hiyo itakuja kwako.

Tafadhali, kaka, wiki hii shika simu yako wewe mwenyewe. Mwambie Ivy chochote, mwambie ofisi inakutafuta. Nampa Kiptum barua hii leo hii ili ikufikie kabla yao.

Hillary


Bungoma, 24 Machi 2025

Hillary,

Mama anakusalimu. Ivy yuko. Mvua imeanza na watu wanapanda.

Pikapu ya Kiptum iliharibika mbele ya Kamukuywa ikakaa gereji, na barua yako ikakaa ndani yake. Simu ilifika kwanza. Ivy aliipokea akiwa na wateja watatu kwenye foleni. Wakamwambia majibu ya Wangila Mukhisa yako tayari, arudi kliniki Kitale, na ni vizuri aje na mwenzake. Ivy akafunga duka mchana. Ujue huyu mwanamke hata siku tuliyomzika Baba alifungua jioni.

Nilipofika nyumbani niliwekewa chakula vizuri, akakaa upande wa pili wa meza, akaniuliza nilienda kupimwa nini Kitale. Mimi sijui lolote, nimetoka kuchanja mbuzi. Ningeapa kwamba ni makosa, Wangila tuko wengi Bungoma hii. Lakini walimtajia mpaka jina la Mukhisa na namba ni yangu. Alilia usiku huo akiwa ameshika tumbo, na mimi nikaogopa kwa ajili ya mtoto. Kesho yake nilimpa jibu, akatulia. Jibu gani, hilo si lako. Barua yako ilikuja wiki iliyofuata, nikajua nimepigwa na nani.

Ningeweza kumwonyesha Ivy barua hiyo na kujisafisha. Sikufanya hivyo na sitafanya, kwa sababu yeye na Nangila wanaongea kila siku ya Mungu na yeye ndiye msimamizi wa bibi harusi. Akijua saa nne, Nangila anajua saa nne na robo. Kwa hivyo nyamaza. Usije huku kueleza, usipige simu kuomba msamaha. Jambo hili nimelibeba mimi na limekwisha.

Wangila


Kitale, 30 Machi 2025

Kaka yangu,

Nimesoma barua yako nikiwa stoo nyuma ya rangi, na nililia, nakwambia ukweli. Nimekuweka kwenye moto na bado unanifunika. Mungu anaona. Nakuombea wewe, Ivy na mtoto.

Nilirudi kliniki mwenyewe baada ya kuona kimya. Dada yule akaita, "Wangila!" nikabaki nimekaa, akaita tena, mpaka mama mmoja akanigusa bega kwa sababu nilikuwa mwanamume pekee pale. Ni kisonono. Nilichomwa sindano na kupewa dawa za kumaliza zote, si za kuacha nikipata nafuu. Kaswende sina, ugonjwa wa ini sina, Ukimwi haujaonekana, ila kwa sababu Suam ilikuwa juzi juzi lazima nirudie baada ya miezi mitatu tangu siku ile ndipo niamini.

Daktari aliniambia neno ambalo halinitoki. Alisema ukitibiwa peke yako hujatibiwa, utarudishiwa na mwenzako, na mwanamke anaweza kukaa nao bila dalili hata moja mpaka unamharibu ndani. Aliniuliza nina mwenzangu? Nikasema ninaye. Akaniuliza anajua? Nikachukua dawa zangu nikatoka. Kwa hivyo kaka, ushauri wako wa kunyamaza nauogopa. Kila nikimwona Nangila anacheka nahesabu ni siku ngapi nimemwacha nao. Nimemwambia tumbo linaniuma ili nisilale naye. Mpaka lini?

Na wewe nina wazo. Si uende tu ukapime hapo Bungoma, wewe na Ivy? Wewe uko safi. Karatasi itasema uko safi na Ivy atatulia kabisa, bila mimi kutajwa. Ni asubuhi moja tu. Niambie pia ulimpa jibu gani, nisije nikasema kitu tofauti tukikutana.

Mdogo wako anayekuomba msamaha,
Hillary


Bungoma, 2 Mei 2025

Hillary,

Samahani kwa kuchelewa, kazi imekuwa nyingi. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike mwenye baka jeupe kwenye paji. Kwaya imechaguliwa kuimba Kimilili mwezi wa saba na wanataka sauti ya nne, mimi sina watu wa sauti ya nne. Mahindi ya nyumbani yanahitaji kupaliliwa, tuma mtu au uje.

Ivy anaenda kliniki ya wajawazito. Amekuwa akichomwa sindano kila wiki, za mimba, amemaliza. Yuko sawa.

Wazee wa Tongaren wamekubali tuende Juni, Jumamosi ya mwisho.

Hilo la kupima liache.

Wangila


Kitale, 19 Mei 2025

Kaka Wangila,

Nakusalimu, na namsalimu ndama. Kupalilia nimeshafanya mwenyewe, kama Mama alivyokwambia, na safari hiyo ndiyo nataka kukueleza.

Kwanza Nangila. Nilimwambia mwezi uliopita, Jumapili baada ya kanisa, kwenye ngazi za nyuma za nyumba yake, akiwa anachambua mchicha. Nilisema yote, Suam, kliniki, kisonono. Hakupiga kelele. Alimaliza kuchambua mchicha, akaosha mikono, akaniambia niende zangu. Alikwenda kupimwa peke yake na alikuwa nao, bila dalili hata moja. Ametibiwa. Aliniita mara moja akaniambia, "Ungenyamaza ningezeeka nao, na wewe unaniimbia harusi." Baada ya hapo hajapokea simu yangu. Kadi za harusi ziko kwenye boksi kwake, hajazichoma, hajazigawa. Ninaishi hivyo, naamka nikiangalia simu.

Nilipopoteza hilo niliona sina tena sababu ya kukuacha ukibeba mzigo wangu. Ulikuwa unanyamaza ili Nangila asijue, na Nangila sasa anajua. Kwa hivyo nilipomaliza kupalilia nyumbani Chwele nikapitia Bungoma. Wewe ulikuwa Sirisia na chanjo. Ivy alikuwa dukani, tumbo sasa linaonekana. Nikamwomba aje nyuma, nikamwambia ile simu ilikuwa yangu. Nikamweleza kwamba nilitoa jina lako kwa woga, kwamba wewe Kitale hukukanyaga, hukuingia kliniki yoyote, hujui lolote. Nilimwambia ana mume mwema anayejua kumfunika ndugu yake.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Una hakika hakuenda?" Nikamwambia nina hakika kabisa. Akakaa chini juu ya gunia la sukari akalia, kaka, akalia mpaka nikaogopa, na nilipotaka kumwita jirani akanikataza kwa mkono. Nadhani ni ile ahueni ya mtu aliyebeba shaka miezi miwili. Niliondoka nikiwa mwepesi kidogo, mara ya kwanza tangu Januari.

Sasa uko huru. Nisamehe kwa kukuasi tena.

Hillary


Bungoma, 28 Mei 2025

Hillary,

Leo sina salamu.

Nilikwambia nyamaza. Nilikuandikia kwa mkono wangu, usije huku kueleza. Ungenisikia mara moja tu katika maisha yako.

Uliniuliza nilimpa Ivy jibu gani. Nilimwambia ni kweli nilienda kupimwa Kitale. Nilimwambia nilikuwa na wasiwasi na mwili wangu, na kwa sababu ya mtoto nikaona heri nijue, nikaenda mbali ili watu wa kanisa wasinione, na kwamba majibu nimeyachukua na sindano nimechomwa. Unaona? Alikuwa amekasirika kuhusu kupimwa, nikageuza kule kupimwa kukawa ndio wema wangu. Kisha akasema, angalau ulienda. Alipoanza kliniki ya wajawazito akawaomba wampime kila kitu kwa makini, akaonekana na kaswende. Zile sindano hazikuwa za mimba. Ukimwi hana, namshukuru Mungu.

Alirudi nyumbani na karatasi na bado alikaa na mimi. Hakumwambia Mama, hakumwambia Nangila. Alinichemshia maji ya kuoga. Daktari alimuuliza, mumeo ametibiwa? Akajibu ndiyo, alitibiwa Kitale, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Wakamchoma zote, akamaliza, akanirudia kitandani kwetu akijua tuko salama wote wawili.

Halafu wewe ukaja na jembe lako na ukweli wako.

Siku ile nilimkuta gizani, taa hakuwasha. Akaniambia, "Nilikuwa nimekusamehe nusu. Nilijiambia, huyu alikosea lakini alienda kupimwa kwa ajili yetu. Sasa hata hiyo nusu umeninyang'anya." Kesho yake alienda kliniki, wakamwambia kama mume hakutibiwa basi huenda kila kitu kimerudi, lazima apimwe upya, na mimi nisimguse mpaka nitibiwe. Analala kwenye godoro la wageni.

Jamaa wa ofisini mwenye kidonda ni mimi. Ni mwaka juzi, na ni wapi usiniulize. Kilipona chenyewe na mimi nikaamini kimeisha, naapa niliamini. Nilipoona Ivy ameshika mimba nikaona ni Mungu amenithibitishia. Ulipoandika niende nikapime, nilikaa mwezi mzima nikitafuta jinsi ya kukukatalia. Tangu siku hiyo sijalala usiku mzima. Naota mtoto anazaliwa na mimi ndiye ninayeulizwa.

Nimekwenda hospitali hapa mara mbili nikaishia getini. Benchi ya wanaosubiri inaangalia barabara. Alhamisi alikuwa amekaa pale mwimbaji wangu wa sauti ya tatu na mama yake. Mimi ndiye ninayewasomea neno Jumapili. Nimefikiri, labda nije Kitale, ambako sijulikani. Na huko ningeomba niandikishwe kwa jina lako, kama wewe ulivyoandikisha langu. Wewe ulishaumbuka tayari kwa Nangila, haitakuongezea kitu.

Nijibu haraka. Mwambie Kiptum asipitie popote.

Wangila


Kitale, 5 Juni 2025

Kaka Wangila,

Nimekuwa mjinga. Niliona mwanamke analia nikasema anafurahi. Nimeirudia barua yako mara nyingi, nimekukasirikia, kisha nikakumbuka benchi ya Kitale na jinsi nilivyokaa juu yake nikiomba sakafu inimeze. Woga huo naujua. Kwa hivyo sitakuhubiria.

Jina langu sikupi. Si kwa uchoyo. Ukitibiwa kwa jina la Hillary, daktari wa Ivy ataangalia wapi aone kwamba Wangila Mukhisa ametibiwa? Atamchoma tena na tena kwa kubahatisha. Karatasi ya mume lazima iwe ya mume. Na mimi nimeona jina la kuazima linavyopiga simu kwenye nyumba za watu.

Niliona ni haki nimpigie Ivy, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda kumvunja nikidhani namjenga. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia unaogopa benchi, sikuficha. Ivy akasema, "Mwambie sitamuuliza tena ilitoka kwa nani. Namuuliza tu kama anamtaka huyu mtoto." Akasema daktari amemwambia bado kuna muda, lakini si muda wa kuchezea.

Nangila na mimi tulirudia kipimo cha Ukimwi juzi, hatuna sote wawili. Aliniambia mlangoni kwamba hakwenda kwa sababu ya harusi, alikwenda kwa sababu yake mwenyewe. Tulirudi kwa miguu. Kuhusu Tongaren hajasema ndiyo, hajasema hapana, na mimi nimeacha kumharakisha. Waombe wazee watusubiri.

Kipimo cha kaswende ni damu kidogo tu, na sindano inauma siku moja. Jumatatu nimeomba ruhusa kwa Gagandeep. Nitafika Bungoma asubuhi mapema na nitakaa kwenye ile benchi, upande unaoangalia barabara, ili wanaopita wanione mimi kwanza. Lile swali la Ivy nilitaka kumjibu kwa niaba yako nikashindwa, nikamwambia utamjibu mwenyewe. Njoo.

Mdogo wako,
Hillary